Ngazi za Mgeta: Funzo kwa Aliyepewa Kusimamia Watu



Kabichi uliyoikata jana jikoni mwako, ikiwa unakaa Dar es Salaam au Bagamoyo, yumkini imetoka katika mlima ambao hujapata kuupanda. Na maji uliyotawadhia leo alfajiri, ikiwa wayapata kwa bomba la Dar es Salaam, sehemu yake kubwa ni maji ya mto Ruvu, nao mto Ruvu chimbuko lake ni milima ya Uluguru, huko Morogoro. Mmoja katika mito inayoujaza ni mto Mgeta, nao umelipa jina lake eneo zima la magharibi ya milima hiyo. Basi sisi watu wa pwani tuna deni na watu wa Mgeta, na mwenye deni hana budi kumjua mdai wake.

Lakini leo sikukusudia kuzungumza juu ya mboga wala maji. Nimekusudia kukusimulia habari ya watu waliopewa kusimamia wenzao katika milima ile, wakiwa na elimu, fedha, sheria na magari, na bado kazi yao ikavunjika mikononi mwao. Bwana wetu Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Wewe waweza kusema, "Mimi si mkubwa wa ofisi." Kweli. Lakini je, huna watoto? Huna kijana dukani? Hukuchaguliwa katika kamati ya msikiti au ya madrasa? Basi habari hii yakuhusu.

MLIMA NA WENYEWE

Milima ya Uluguru imesimama kusini ya mji wa Morogoro, na vilele vyake virefu vyapita mita 2,600 juu ya bahari. Ukiifuata barabara ya Iringa kutoka Morogoro, kisha ukakata kushoto na kuanza kupanda, njia yaenda ikizunguka mpaka ukafika kwenye hewa ya baridi ya Mgeta, Langali na Nyandira. Huko hulimwa kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na maharage, na iko pia miti ya matunda ambayo mtu wa pwani huiona sokoni tu, kama pichi, plamu na matufaha. Mashamba yamening'inia ubavuni mwa mlima, na mengi yamechongwa kwa ngazi, sakafu moja juu ya nyingine, na mifereji ya maji yapita baina yake.

Wenyeji ni Waluguru. Kwao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi tangu zamani ilikuwa mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mkuu wake, ambaye ndiye aliyejua nani alime wapi, mpaka ni mti gani, na shamba lipi limechoka lipumzishwe. Hapakuwa na mfalme mmoja wa mlima wote. Utawala wa Waingereza ndio uliowawekea Waluguru Sultani mmoja, na chini yake maofisa wadogo, ili amri itoke mahali pamoja na kuteremka chini.

Shika jambo hili, ndugu msomaji. Mlima ulikuwa na namna mbili za usimamizi. Mmoja ulitoka chini, katika koo, nao ulikuwa wa zamani. Mwingine ulitoka juu, katika ofisi, nao ulikuwa mpya.

AMRI YA NGAZI

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa kilimo walitazama milima ya Uluguru wakaingiwa na khofu. Watu walikuwa wameongezeka, misitu imerudi nyuma, miteremko mikali yalimwa, majani yachomwa moto kila mwaka, na mvua ikinyesha udongo wateremka mtoni. Walisema ikiendelea hivi, mlima utakuwa mifupa mitupu, na mito ya chini itajaa mchanga.

Nataka tuwafanyie insafu watu wale. Khofu yao haikuwa ya bure. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha Mgeta mvua ambayo haikufika saa tatu, nayo ikapita milimita 100. Katika muda huo mfupi milima ilichanika, na waliokwenda kupima baadae walikuta maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Na walipoyatazama yalikoanzia, walikuta karibu yote yameanza katika ardhi iliyolimwa na katika nyasi. Yaliyoanza ndani ya msitu hayakufika hata 1 katika kila 100. Basi maradhi yalikuwapo, na yalikuwa makubwa. Tutakalolizungumza ni dawa, na khasa mkono uliokuwa ukiinywesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Zilitungwa sheria: usichome moto shamba, usilime ukingoni mwa mto, usilime mteremko mkali. Na kubwa kuliko zote, kila mwenye shamba achonge ngazi. Waliajiriwa mabwana shamba na wasimamizi kupita vijijini kuhakikisha. Asiyechimba alishitakiwa katika baraza la wenyeji akatozwa faini. Kazi yenyewe ilikuwa nzito mno, kwani kuchonga ngazi katika mlima kwa jembe la mkono si sawa na kutifua tuta la viazi. Na kazi hiyo iliwaangukia wanawake na wanaume waliokuwa na kazi zao nyingine, wengine wakiacha shamba la chakula ili wakatimize shamba la amri.

Na matunda yake yalikuwaje? Hapo ndipo penye msiba. Mahali pengi katika Uluguru udongo mzuri ni tabaka jembamba la juu tu. Ukichonga ngazi kwa haraka, udongo mzuri wafukiwa chini, na udongo mbichi usio na rutuba waja juu. Mkulima akapanda mahindi yake juu ya ngazi aliyoichimba kwa jasho, akavuna pungufu kuliko mwaka aliokuwa hana ngazi. Jirani yake aliyekataa akatozwa faini, lakini akavuna. Niambie, ndugu msomaji, katika hao wawili yupi ataonekana na watoto wake kuwa ndiye mwenye akili?

Msimamizi alikuwa akihesabu ngazi, wala hakuhesabu magunia. Taarifa iliyokwenda Morogoro ilisema ngazi zimeongezeka, nayo ilikuwa kweli. Na jikoni mwa mkulima chakula kimepungua, nayo ilikuwa kweli vilevile. Lakini kweli ya pili haikuwa na mahali pa kuandikwa katika daftari.

Palizuka na dhana nyingine. Watu waliulizana, "Kwa nini wakubwa hawa wanatushurutisha kuitengeneza ardhi yetu? Bila shaka wataka ikisha kutengenea waichukue wao." Ukiambiwa dhana hiyo haikuwa na msingi, ujibu kwamba palipokosekana mazungumzo, dhana haikosekani. Watu walikwisha kuona mashamba ya walowezi katika nchi tambarare iliyo chini ya milima yao. Nani aliyekaa nao chini akawaeleza wakaridhika?

CHUO KILICHO CHINI YA MLIMA

Liko jambo la kuzingatiwa. Kandokando ya barabara ile ile ya Iringa, chini ya milima hiyo hiyo, pana mahali panapoitwa Mzumbe. Mwaka 1953, wakati ule ule ngazi zikichongwa kwa amri juu mlimani, serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha serikali za mitaa, kuwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa tawala za wenyeji namna ya kuongoza. Chuo hicho kiliendelea kukua baada ya uhuru. Mwaka 1972 kikaunganishwa na taasisi ya utawala iliyokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikijua kwa herufi za IDM. Na mwaka 2001 kikapewa sheria ya kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Maofisa wengi wa Tanzania wamepitia hapo kusomea uongozi.

Mimi kila nikipapita huwaza: darasa la uongozi lilikuwa hapo chini, na mtihani wenyewe ulikuwa ukifanyika hapo juu. Aliyesoma chini akijua kuandika taarifa, kutunza fedha na kuendesha baraza, amesoma jambo jema, na wala hatudharau elimu hiyo. Msikiti usiotunza hesabu zake huishia katika ugomvi. Lakini wako walimu wengine wa uongozi wasiokaa darasani, nao ni wale wanaosimamiwa. Asiyewasikiliza hao, cheti chake hakimtoshi.

JULAI 1955

Mambo hayakupasuka kwa siku moja. Watu walinung'unika kwanza. Wakaacha kazi kwa visingizio. Wakalipa faini. Wakapeleka malalamiko kwa wakuu wao. Zama zenyewe zilikuwa za siasa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na maneno ya uhuru yalikuwa yameanza kupanda milimani. Kila dalili ilikuwapo kwa mwenye macho. Lakini wakubwa walikuwa wameshayaeleza mafanikio ya mpango wao, na mtu aliyekwisha kujisifu ni mzito wa kusikia.

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, watu walikusanyika kwa hasira. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua bunduki, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Muda si muda, ulazima wa kuchonga ngazi ukaachwa. Miaka ya jasho, ikaisha hivyo. Mahali pengi watu waliziacha ngazi zikabomoka, na wengine walizilima wakarudisha mteremko kama ulivyokuwa.

Wala si Uluguru peke yake. Milima ya Usambara nako mpango wa Mlalo, ulioanza 1946, ulichukiwa na watu kwa sababu zinazofanana na hizi. Na Kenya, katika nchi ya Murang'a, wanawake waliongoza kukataa kazi ya lazima ya kuchimba makinga maji mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sasa tazama hasara iliyo kubwa kuliko zote, baada ya ile roho iliyopotea. Kuuhifadhi udongo ni jambo jema. Mwenyezi Mungu ametukataza kufanya ufisadi katika ardhi. Lakini baada ya 1955, mtu akisimama Uluguru kusema habari ya kuhifadhi udongo, watu walimsikia kama asemaye habari za faini na polisi. Jambo jema likavaa nguo ya dhulma, likachukiwa pamoja na nguo yake. Hili ndilo kosa la msimamizi mbaya: hakuharibu kazi ya siku yake tu, ameharibu na kazi ya wema watakaokuja baada yake. Na mimi nasema, mzazi anayemfundisha mwanawe Sala kwa fimbo bila ya mapenzi aitazame vyema habari hii.

NGAZI ZILIZOBAKI

Utaniuliza, "Mbona umesema mwanzo kwamba Mgeta ziko ngazi mpaka leo?" Swali zuri, na jawabu lake ndilo moyo wa makala hii.

Mgeta ngazi zilikubalika. Sababu yake ni nini? Watu wa Mgeta si damu nyingine. Ni Waluguru kama wa Matombo, na serikali ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba Mgeta mboga ziliota. Mbegu za mboga za kizungu zilifika huko zama za ukoloni, baridi ikazifaa, na miji ikazitaka. Mboga yataka maji, na maji ya mfereji hayakai katika mteremko, yataka sakafu. Mwenye kuchonga ngazi akiitia samadi, akaimwagilia, akapanda kabichi, alipata fedha mkononi. Basi ngazi ikawa yake. Hakuhitaji bwana shamba kumhesabia. Ikibomoka usiku, huamka asubuhi akaijenga mwenyewe, kwa sababu inayoanguka ni riziki yake.

Jembe lilikuwa moja na mlima mmoja, lakini upande mmoja ngazi ilikuwa ya mkubwa, na upande wa pili ilikuwa ya mkulima. Iliyokuwa ya mkubwa ilikwisha siku mkubwa alipoondoka.

Na baada ya uhuru waliofaulu kufanya kazi Mgeta ni wale walioshika njia hii. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na katika miaka ya 1990 walimu wake walifanya kazi na vikundi vya wakulima wenyewe. Mbuzi yule alikubaliwa kwa kuwa faida yake ilionekana kikombeni: mtoto kanywa maziwa, na samadi imekwenda katika ngazi ya kabichi. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa, kwani hakuna kazi ya binaadamu isiyo na dosari. Nasema mlango uliopitiwa ulikuwa mlango wa nyumba, haukuwa dirisha.

HANDAKI LA MADINA

Sasa niruhusu nikutoe Uluguru kidogo, nikupeleke Madina, kwa kuwa huko nako palichimbwa.

Katika mwaka wa 5 wa Hijria, sawa na mwaka 627, Makureshi na washirika wao walikuja na jeshi la watu wapatao 10,000. Waislamu walikuwa kiasi cha 3,000. Mtume (S.A.W.) alitaka shauri kwa Masahaba wake. Salman, mtu wa Uajemi, aliyekuwa hana kabila la kumtetea pale Madina, akatoa rai ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea. Rai ya mgeni ikakubaliwa kwa sababu ilikuwa rai njema.

Kisha wakachimba, katika baridi na njaa. Kazi iligawanywa, kila kundi na kipande chake. Na Mtume mwenyewe alichimba na kubeba udongo pamoja nao mpaka vumbi likamfunika. Walipokuta jabali lililowashinda, walikwenda kumwambia. Hakuwatoza faini kwa kuchelewa. Aliteremka mwenyewe, akaishika sululu, akalivunja.

Linganisha, ndugu yangu. Uluguru palichimbwa na Madina palichimbwa. Kazi ya Madina ilikuwa ngumu kuliko ya Uluguru na muda ulikuwa mfupi mno. Lakini Madina shauri lilitangulia amri, kila mtu alijua kwa nini anachimba, na mkubwa alikuwa ndani ya shimo pamoja na wadogo.

Kuna na habari ya mitende. Mtume alipofika Madina aliwaona watu wakipandisha mitende yao kwa mkono ili izae, akasema kwamba pengine wasingefanya hivyo ingekuwa bora. Wakaacha kwa adabu, na mwaka huo tende zikapungua. Walipomwambia, aliwaeleza kwamba katika mambo kama hayo ya dunia yao, wao wenyewe ndio wajuzi zaidi. Hebu zingatia: mbora wa viumbe alisikia habari ya mavuno yaliyopungua, na akawarudishia wakulima elimu yao. Basi bwana shamba ni nani hata aone haya kusema, "Ngazi hii haikufaa hapa, nifundisheni"?

KISA CHANGU MWENYEWE

Usidhani nasema haya kwa kuwanyooshea kidole wengine. Mimi pia nimepata kuchimba ngazi za Matombo.

Nilipokuwa kijana nilipewa kuangalia madrasa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka lipu, nikataka tuukarabati. Nilikuwa nimetoka masomoni, kichwa kimejaa, sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nikatangaza kwamba kila mwanafunzi alete madebe mawili ya mchanga kila Ijumaa, na asiyeleta atasimama mbele ya wenzake. Nikafungua daftari, nikawa natia alama. Baada ya majuma machache nilikuwa na rundo kubwa la mchanga, na moyo wangu umejaa fahari. Tukapiga lipu.

Haukupita mwaka lipu ikaanza kutoka jasho na kumomonyoka, ukiigusa yaanguka kama unga. Watoto walikuwa wamechota mchanga wa ufukweni, ulio karibu, wenye chumvi. Katika wazazi wa watoto wale alikuwapo mzee mmoja mwashi, aliyejenga nyumba nusu ya mtaa wetu. Alikuwa akipita kila siku, akiuona mchanga ule, na akinyamaza. Nilipomwendea kwa haya kumwuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa upole akasema, "Maalim, wewe hukuniuliza. Wewe uliamrisha."

Maneno yale yamekaa nami zaidi ya miaka 40. Nilikuwa nimehesabu madebe, sikutazama ukuta.

MAMBO MATANO YA MWENYE KUSIMAMIA

Katika habari zote hizi mimi natoa mambo matano, nayo si mageni, ila twayasahau.

La kwanza, jua kabla ya kuamuru. Ijue kazi, na wajue watu wanaoifanya. Nabii Yusuf (A.S.) alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alijieleza kwa sifa mbili, uhifadhi na ujuzi. Amana bila ya ujuzi huleta hasara kwa nia njema, na ujuzi bila ya amana huleta hasara kwa makusudi.

La pili, taka shauri. Qurani imelifanya shauri kuwa sifa ya waumini katika mambo yao. Na shauri si kuwaita watu uwaambie ulilokwisha kulikata. Shauri ni kuwa tayari rai yako ibadilike. Mtafute na yule mnyamavu, mama aliye shambani, mwashi apitaye njia. Mara nyingi elimu imelala kwake.

La tatu, shika jembe. Hutoweza kila kazi, na mkubwa ana kazi zake. Lakini watu wakuone jasho lako walau siku moja, na jabali likiwashinda wajue kwamba uko.

La nne, hesabu kilicho haki ya kuhesabiwa. Usihesabu ngazi ukaacha magunia. Usihesabu wanafunzi waliohudhuria ukaacha waliofahamu. Usihesabu mabati ya msikiti ukaacha wanaosali ndani yake.

La tano, ipende habari mbaya, na ujue kurudi nyuma. Seyyidna Umar (R.A.), katika ukhalifa wake, alikuwa akiwakusanya magavana wake msimu wa Hija na kuwafungulia watu mlango wa kuwashitaki mbele yake. Yeye aliyafuata malalamiko. Hakungoja yawe mawe. Lau wakubwa wa Uluguru wangalisikia manung'uniko ya mwaka wa kwanza, yasingalifika mawe ya Julai 1955, na huenda yule mtu wa Matombo angalirudi kwake jioni ile akala na wanawe.

Naam, ndugu msomaji. Siku nyingine utakapoikata kabichi, itazame. Imeoteshwa katika ngazi ambayo hakuna polisi aliyesimama juu yake. Mwenyewe aliichonga kwa kuwa aliijua faida yake, na huirudishia mawe yake kila inapobomoka. Kisha uitazame nyumba yako, duka lako, darasa lako, ujiulize: haya ninayoyasimamia, siku nitakapoondoka yatabaki yamesimama kama ngazi za Mgeta, au yatalimwa yarudi mteremko? Jawabu la swali hilo hulipati katika daftari lako. Mwulize mwashi apitaye mlangoni pako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachunga wenye kusikia, atusamehe tuliyoyaharibu kwa ujinga na haraka zetu, na amrehemu kila aliyedhulumiwa kwa jina la maendeleo. Amin.

Wassalaamu alaykum.